Chuma Mdomoni mwa Sato

Mseti alikuwa na duka la ndoano Musoma mjini, ila ukimsikiliza ungedhani ana hospitali. Mteja akigusa ndoano ya kawaida, ile nyeusi ya waya wa chuma, Mseti anamwondoa mkono taratibu kama unavyomwondoa mtoto jikoni. Halafu anavuta droo, anatoa zile zinazong'aa, anazimwaga juu ya gazeti na kurudi nyuma hatua moja ili utukufu wake uonekane vizuri.

Helena alimtazama huku kaegemea kaunta, mkoba kwapani. Alikuwa anawaza kwamba huyu mwanaume angepewa ng'ombe kama alivyopewa maneno, mkoa mzima wa Mara ungekosa malisho.

"Mama, hii ni stenlesi," Mseti akasema. "Hiki ndicho chuma ambacho madaktari wanawekaga kwenye mfupa wa mtu aliyevunjika. Anazeeka nacho. Anazikwa nacho."

"Samaki wangu hajavunjika mguu."

"Samaki hana mguu, mama."

"Basi mfupa umeuleta wa nini?"

Watu wawili waliokuwa wanachagua nyavu wakacheka. Mseti hakucheka, maana mfanyabiashara akianza kuchekelea utani wa mteja bei inashuka. Akamweleza kwa upole kwamba ndoano ya chuma cha kawaida inashika kutu, kutu inaingia kwenye damu, na samaki anayetakiwa kuishi hataishi. Hii ya kung'aa hata samaki akiimeza, kata uzi umwachie nayo tumboni. "Ni safi. Anakaa nayo kama wewe unavyokaa na pete."

Hapo kwenye kutu ndipo alipomkamata Helena. Helena alikuwa mjanja wa kila kitu isipokuwa kutu. Alikulia kwenye zizi, Butiama vijijini, nyumba ambayo maziwa yakiwekwa kwenye kopo lenye kutu anamwagiwa mbwa, na ndama akichomwa na msumari wa kutu mtu anakaa naye akimwangalia mdomo kama umeanza kukaza. Pepopunda. Baba yake mdogo ilimwondoa. Kwa hiyo aliposikia kutu na damu kwenye sentensi moja, ulimi wake wote mrefu ukarudi ndani, akanunua za kung'aa.

Alikuwa na sababu ya kuogopa. Bondeni kwake kulikuwa na bwawa alilochimba na marehemu mume wake, na shemeji yake Keraryo alikuwa analitaka. Si kwa ajili ya samaki. Keraryo aliwadharau samaki kuliko kitu chochote kinachopumua. Alisema kiumbe usichoweza kukipa jina hakina faida. Alitaka maji, ng'ombe wake wanywe. Helena alikuwa amenunua vifaranga vya sato kwa mtu anayezalisha, wakakua, wakanenepa, na hawakuzaa. Kumbe wanauzwaga madume matupu, ili wakue haraka. Siku habari hiyo ilipomfikia Keraryo alikaa chini kabisa ili acheke vizuri.

"Madume matupu! Shemeji, hata mimi nisiyesoma, sijawahi kujaza zizi madume nikakaa nje kusubiri maziwa."

Akalipeleka suala kwenye kikao cha ukoo. Mzee Ryoba, kaka mkubwa wa baba yake Keraryo, akaamua. Ng'ombe wa Keraryo wapo kwenye malisho upande wa Nyamuswa mpaka mvua irudi. Wakirudi wakute Helena ana samaki mtoto, aliyezaliwa humo humo bwawani, na bwawa litakuwa lake moja kwa moja. Wakikuta hamna, uzio utang'olewa na ng'ombe wataingia kunywa.

Kwa hiyo Helena alihitaji majike, tena hai, tena haraka. Samaki wa wavu hamfai, anakuja amechubuka magamba, siku mbili tu ana ukungu mwili mzima. Wa ndoano ndiye mwenye afadhali.

Ndiyo akaenda Guta kwa Burito, mtoto wa mjomba wake, anayevulia mshipi kwenye matete. Burito alizishika ndoano za Mseti, akazielekeza juani, kisha akajiwekea moja sikioni.

"Dada, hii ni ndoano au hereni? Nimependeza?"

"Umependeza kama ng'ombe wa mnada. Fanya kazi."

"Mimi za kwangu ni hizi." Akafungua kopo la maziwa ya unga. Ndani kulikuwa na ndoano nyeusi, nyingine zimeshaanza kuwa nyekundu kwa kutu, zimelala juu ya unyevu bila aibu.

Helena akarudi nyuma. "Funga! Unataka samaki wangu wafe pepopunda?"

"Samaki na pepopunda wapi na wapi?"

"Wewe ulishawahi kumpima?"

Burito akafunga kopo. Hakuwa mtu wa kubishana na Helena. Mara ya mwisho aliyebishana naye kwenye familia yao alihamia Kisorya.

Wakavua kwa minyoo, asubuhi nzima. Burito alikuwa anamgeuza kila sato tumbo juu, akiona dume anamrudisha ziwani. Majike walionaswa kwenye midomo ndiyo walikuwa rahisi, ila Helena akataka kuwatoa ndoano mwenyewe. Alimkamata samaki kama anavyomkamata ndama aliyekwamwa na gunzi, akambana kwapani, akazamisha kidole na kuvuta kwa imani yote. Ndoano ikatoka. Taya nalo likachanika. Akafanya hivyo kwa wa pili pia, maana mtu aliyewaokoa ndama wengi haambiwi kitu.

"Dada, hiyo ni samaki," Burito akasema polepole, "haina shingo kama ng'ombe."

"Si anaishi?"

"Anaishi, lakini mdomo wa sato jike ni..."

"Hao wengine wamemeza. Kata uzi."

Waliomeza ndio waliokuwa wengi. Burito akakata uzi, akaacha kipande cha urefu wa kidole kinaning'inia nje ya mdomo, kila mmoja na chake. Ndoano za kung'aa zikabaki tumboni, safi, kama Mseti alivyohubiri. Mwishoni zikaisha, nyingine zimekatikia kwenye matete, na Helena alipokwenda kujaza maji kwenye pipa Burito akafungua kopo lake kimyakimya. Helena anarudi anakuta jike moja nene kuliko wote, ana doa jeusi kwenye shavu, uzi unaning'inia.

"Huyu umemtoa na nini?"

Burito akatazama ziwa.

"Burito."

"Ya kwangu. Kaimeza."

Helena alimtukana kwa Kiswahili, akahamia lugha ya nyumbani, akamalizia na Kiswahili ili watu wa jirani nao wanufaike. Lakini samaki alikuwa mnene. Akamtumbukiza kwenye pipa. "Huyu atakufa wa kwanza," akasema, "na nitakuletea maiti yake uizike."

Wakafunga pipa nyuma ya pikipiki ya matairi matatu, wakapita Bunda, wakapanda mpaka Butiama huku Burito akiyapuliza maji kwa pampu ya baiskeli njia nzima. Wote wakafika wanapumua.

Keraryo alikuja kesho yake kuwakagua. Akasimama ukingoni na kofia yake ya ngozi, akaona zile nyuzi zinazoning'inia midomoni.

"Shemeji, umewafunga kamba kama mbuzi? Unawaswaga kwenda wapi?"

"Kwako. Nasikia unatafuta mtu wa kuongea naye mwenye akili zako."

Helena alicheka, lakini wiki zilizofuata zilimpa Keraryo kicheko. Samaki walianza kuelea. Leo mmoja, keshokutwa mwingine, tumbo juu, uzi bado unaning'inia. Helena alikuwa anampasua kila mmoja kwa kisu cha jikoni akiwa amekunja uso, na kila mara alikuta kitu kilekile. Ndani utumbo umeoza na kufanya usaha, na katikati ya usaha ule ndoano ya Mseti inang'aa kama imetoka dukani asubuhi ile. Haijapungua hata ncha. Ilikuwa inamchoma samaki kila akipinda, na ingeendelea kumchoma mpaka kiama.

Keraryo akaomba moja, akaisafisha, akaichomeka kwenye kofia yake. "Nitapata wapi tena dhahabu kama hii?"

Wale wawili wa taya zilizochanika waliishi, ila midomo yao ilibaki wazi siku zote, kama watu waliosikia habari mbaya. Burito alipopigiwa simu ndipo alipopata nafasi ya kumalizia sentensi yake ya Guta. Sato jike anabeba mayai mdomoni. Anayaatamia humo, anatotoa humo, anawalea watoto humo. Taya likichanika hana pa kuwaweka.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa nakuambia, dada. Ukaniambia nikate uzi."

Helena akakata simu.

Alichukua mmoja wa wale waliooza, akamfunga kwenye gazeti bila kumtoa ndoano, akapanda gari la Musoma akiwa naye mapajani. Abiria wa kulia na wa kushoto walihama. Dukani Mseti alikuwa katikati ya mahubiri, akimwonyesha kijana mmoja ndoano juu ya gazeti. Helena akaweka gazeti lake juu ya gazeti lile, akalifungua.

"Nimekuletea mgonjwa wako, daktari. Mfupa umeunga?"

Harufu ilisafisha duka. Kijana alitoka, na watu wa nyavu wakatoka, wakasimama mlangoni ili wasikose kitu. Mseti alijifunika pua kwa shati, akainama, akaingiza koleo na kuitoa ndoano. Akaifuta. Akaielekeza mlangoni kwenye mwanga. Helena alisubiri aibu imwingie usoni yule mtu.

"Mnaona?" Mseti akawaambia watu wa mlangoni, sauti imejaa furaha. "Mnaona wenyewe? Wiki zote hizo tumboni mwa samaki! Nionyesheni doa! Nionyesheni kutu!"

Akaitundika kwenye msumari, juu kabisa ya kaunta, kama cheti.

Helena akamwachia samaki, akachukua gazeti lake. Alirudi Butiama akiwa na gazeti tupu na harufu, akiapa moyoni kwamba siku Mseti akifa atahudhuria mazishi aangalie kama na yeye hashiki kutu.

Sasa kwenye bwawa alikuwa amebaki mmoja tu wa waliomeza. Yule mwenye doa shavuni. Yule wa kutu, wa kufa wa kwanza.

Helena alianza kumwangalia kila asubuhi kwa wasiwasi na chuki kidogo, maana hakuna anayependa kuokolewa na kitu alichokitukana. Samaki anakula. Samaki anafukuzana na madume. Siku moja uzi haupo mdomoni. Aliutafuta majini kwa chujio mpaka akaukuta umenasa kwenye nyasi za ukingoni, na kwenye ncha yake kuna kitundu cha ndoano na kipande kidogo cha shina. Alipokibana kwa vidole kikasagika, kikawa unga mwekundu kama udongo wa njiani. Chuma kibovu cha Burito kilikuwa kimeoza humo ndani, kikajimaliza, kikatoka. Kile kizuri ndicho kilichokuwa kinaua, kwa sababu hakikujua kuondoka.

"Kumbe na wewe ulikuwa mgeni mwenye adabu," akakiambia.

Mvua ikaanza kunyesha. Na mvua ilivyoanza tu, yule samaki akaacha kula. Akajitenga kwenye kona yenye maji haba, kidevu kimevimba, mdomo umebanwa. Helena alitupa pumba, wengine wakagombania, yeye akageuka upande. Mdomo umekaza! Helena akampigia Burito.

"Anaatamia," Burito akapiga kelele. "Dada, anaatamia! Usimguse. Ukimtisha na mayai bado, anayameza au anayatema yanaoza. Mwekee chandarua kwenye hiyo kona, madume wasimsumbue. Mwache mpaka awatoe mwenyewe."

"Lini?"

"Yeye ndiye anajua."

Lakini ng'ombe hawakumsubiri. Walirudi kutoka Nyamuswa mapema, wananguruma kwa kiu maana njiani walikuwa wameswagwa haraka. Keraryo alikuja nao moja kwa moja bondeni, panga la kukatia uzio mkononi, kofia yenye ndoano kichwani, na mzee Ryoba na wazee wengine wa ukoo nyuma yake.

"Shemeji, leta mtoto," akasema.

Helena akawaonyesha kona yenye chandarua. "Wako mdomoni mwa mama yao."

Wazee wakaanza kucheka, mmoja akashikilia mti.

"Mdomoni?" Ryoba akafuta machozi. "Mkwe wangu, sisi tumezalisha ng'ombe, mbuzi, na wake zetu wamezaa. Hatujawahi kuona wa mdomoni."

Keraryo alikuwa ameshapanda uzio na kuchungulia. Uso ukamng'aa. "Huyu? Wazee, huyu ni yule wa ndoano ya kutu, watu wote walisikia habari zake! Angalieni. Hali. Kajitenga na wenzake. Shingo imevimba, mdomo umekaza. Hiyo ni nini?"

Wazee wakaacha kucheka. Wote walikuwa watu wa zizi.

"Pepopunda," mmoja akasema kwa heshima.

"Pepopunda! Na mnyama wa hivyo tunamwachaga zizini? Anatolewa leo hii, na maji yamwagwe yaingie mengine."

"Usimguse," Helena akasema. Sauti ilitoka ndogo, na Keraryo aliisikia udogo wake.

"Kwa nini nisimguse? Mimi nimefungua midomo ya ng'ombe kabla hujaolewa. Nikimfungua hajakaza, nitaondoka. Akiwa amekaza, wazee wamejionea."

Helena alitazama ile kona. Angeweza kujilaza juu ya uzio, angeweza kulia. Wangemtoa kama wanavyomtoa mwanamke msibani, na ng'ombe wangeingia. Hapo alipo hakujua kama mle mdomoni kuna mayai au kuna samaki. Kama ni mayai, Keraryo akimfungua yamekwisha, na bwawa limekwisha. Kama wameshatotolewa... Hakuna wa kumuuliza. Ng'ombe wakanguruma tena.

Akajisafisha koo, ulimi ukarudi mahali pake.

"Haya, daktari. Ingia. Ila vaa gambuti, usije ukaumwa na mgonjwa."

Keraryo akavaa gambuti, akakabidhi panga, akaingia. Maji yalimfika katikati ya muundi. Alikuwa na mikono ya kazi, hilo huwezi kumnyima. Akamzungushia samaki chandarua, akamwinua sawasawa na uso wa maji bila kumbana, akaweka kidole gumba kwenye pembe ya mdomo, palepale anapowekaga kwa ndama.

"Wazee, tazameni alivyokaza," akasema, akabonyeza.

Mdomo ukafunguka. Vikamwagika vitu vidogo vyeusi, vingi, kama ulezi uliopasuka gunia, vikapita katikati ya vidole vyake na kuingia majini. Halafu ulezi ule ukaanza kuogelea.

Keraryo alimwachia samaki. Samaki akazunguka mara moja kwa hasira na kutulia kwenye nyasi. Watoto wakatawanyika, na kwa kuwa mtoto wa sato akishtuka anatafutaga penye giza, na pale konani penye giza palikuwa mahali pamoja tu, wote wakakimbilia katikati ya gambuti mbili za Keraryo. Wakajaa hapo, wamebanana, wakimgusagusa buti.

Ryoba alishikwa mkono, akasogezwa ukingoni, akainama mpaka ndevu zikakaribia maji. Akaangalia muda mrefu.

"Wana macho," akasema. "Keraryo, hawa wana macho."

"Nimewaona, baba." Keraryo akainua kisigino.

"Usiinue huo mguu!" Helena akafoka, na safari hii sauti ilikuwa nzima, bonde lote likaisikia. "Shemeji, ukimkanyaga hata mmoja umeua ng'ombe wangu, na hapa wazee wote wapo."

Kisigino kikarudi chini polepole sana. Ryoba akageuka akawaambia wachungaji wawapeleke ng'ombe mtoni, bwawa hili lina mwenyewe. Ng'ombe wakaondoka wakinguruma, kengele zao zikisikika mpaka ng'ambo ya shamba la mihogo. Keraryo aliwafuata kwa macho tu. Kichwani ndoano ya Mseti ilikuwa inang'aa vizuri kabisa, haina hata doa.

"Sasa mimi natoka lini?" akauliza.

"Mama yao akiwaita."

"Na atawaita lini?"

"Mimi nitajuaje lugha yao?" Helena alikuwa ameshaanza kupanda kilima kwenda kuwawekea wazee chai. "Muulize mgonjwa wako, shemeji. Si umeshamfungua mdomo?"